Dishi Moja, Vyumba Viwili

Mama yangu hakuzoea kuomba. Kwake Pangani ndiye aliyekuwa na kauli: minazi yake, mkeka wa uani wake, na redio iliyotundikwa kwenye msumari barazani ilisema kile alichotaka yeye iseme. Magoti yalipomlemea tukamleta kwetu Tanga mjini, tukampa chumba cha nyuma, chenye dirisha linalotazamana na mwembe. Chumba alikipenda. Taabu ilianzia sebuleni.

Televisheni ilikuwa moja na king'amuzi kimoja. Watoto wakitoka shule ni katuni. Baba yao akirudi kazini ni mpira. Usiku ukiingia binti yangu mkubwa ana tamthilia yake. Katikati ya foleni hiyo Mama alikuwa akitafuta taarifa ya habari ya saa 2 usiku, basi. Jioni moja nikiwa jikoni nilimsikia akimwambia mjukuu wake mdogo, "Baba, hebu niazime hiyo rimoti, bibi yako asikie habari." Mtoto akamjibu kwamba katuni haijaisha. Mama akasema, "Haya," akashika fimbo yake, akarudi chumbani taratibu.

Mtoto nilimrudi pale pale. Lakini kilichoniuma hakikuwa utovu wa adabu peke yake. Mwanamke aliyesuluhisha magomvi ya mtaa mzima alikuwa anaazima rimoti nyumbani kwa mwanawe, na kesho yake angeazima tena. Usiku ule nikamwambia mume wangu: chumba cha Mama kinataka televisheni.

Akasita, na sababu yake ilikuwa ya maana. "Tukimwekea televisheni kule ndani tutakuwa tumemfungia," alisema. "Atakula kule, atacheka peke yake kule, na sisi tuko huku. Mtu mzima haletwi mjini kuja kuwekwa ndani." Nazijua nyumba za namna hiyo, ambazo watu wake hukutana mlangoni mwa jokofu tu. Nikamwambia kwamba mtu anayekaa sebuleni kwa kuwa hana pengine pa kusikilizia habari zake, huyo hajakaa nasi, anangoja zamu. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza televisheni ya inchi ngapi itaenea pale juu ya kabati.

Duka la kwanza, kule Ngamiani, walitupa jawabu jepesi: kigawanyo cha HDMI. King'amuzi kibaki sebuleni, picha yake igawanywe mara mbili, waya mrefu upite darini hadi kwa Mama. Mwenye mgahawa anayetaka wateja waone mpira kwenye televisheni zote za ukumbini, kifaa hicho kinamtosha kabisa. Kwetu maana yake ilikuwa kwamba kilichochaguliwa sebuleni ndicho hicho hicho kilichoonekana chumbani. Mama akavumilia katuni, akavumilia na tamthilia ya Kituruki. Kilichomshinda ni mpira. Yeye ni Coastal Union wa damu. Msimu wa 1988, Wagosi wa Kaya walipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara, alikuwa akipanda basi kutoka Pangani kuja uwanja wa Mkwakwani. Sasa Coastal inacheza ugenini, dakika za mwisho, na sebuleni mtu akabadilisha chaneli. Tukamwona mlangoni na fimbo yake. "Wanangu," alisema, "hii mliyonipa si televisheni. Ni kioo cha kuwatazamia nyinyi."

Hapo mambo yakawa wazi. Chumba cha pili kikitaka kuchagua chake, kinahitaji king'amuzi chake, chenye kadi yake na kifurushi chake. Hilo linalipiwa na kuisha. Gumu ni namna king'amuzi hicho kitakavyofika kwenye dishi, maana dishi letu juu ya bati lilikuwa na waya mmoja tu unaoshuka.

Fundi kijana aliyekuja alikuwa na jibu mfukoni: splita, kile kidude cha chuma chenye tundu moja la kuingilia na mawili ya kutokea. Akaukata waya wa sebuleni, akafunga splita, akaupeleka mmoja kwa Mama. Akawasha huku, akawasha kule, picha zikaja safi pande zote mbili, tukampa ujira wake, akaenda zake.

Ilipotimia saa 2 usiku Mama akaita. Habari imekata. Kioo cheusi, na maandishi kwamba hakuna mawimbi. Mume wangu akaenda kutazama. Akiwa njiani habari ikarudi. Akarudi sebuleni, Mama akaita tena. Tulianza na mambo ambayo kila mtu huanza nayo: kuzima na kuwasha, kuchomoa kadi na kuifuta kwa khanga, kukaza waya kwa nyuma. Mara inakubali, mara inakataa, bila mpangilio wowote tuliouona. Mtoto mdogo akaapa kwamba hakugusa kitu. Na kweli hakugusa kitu chochote chumbani kwa bibi yake. Alikuwa anabadilisha chaneli sebuleni.

Binti yangu, yuko kidato cha tatu, ndiye aliyeacha kulaumu na kuanza kuandika. Akakaa kwa bibi yake na daftari la hesabu, mdogo wake akabaki na rimoti sebuleni, wakawa wanaitana kupitia ukumbini. "Weka nyingine!" "Nimeweka!" "Imekufa!" "Rudisha!" Alichora safu mbili. Safu ya kushoto, chaneli ambazo sebuleni wakiziweka, habari ya bibi inabaki hai. Safu ya kulia, zile ambazo wakiziweka tu, habari inakufa papo hapo. Alizirudia moja moja, na hakuna hata moja iliyohama safu. Usiku ule ndipo nilipotulia moyo, kwa sababu kitu chenye mpangilio kina sababu, na chenye sababu kina fundi wake.

Fundi huyo tulielekezwa na jirani. Mtu mzima, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi shingoni. Alianza kazi enzi za yale madishi makubwa ya wavu yaliyokuwa yakijaza ua mzima. Alimwamkia Mama kwanza, wakaulizana ukoo kidogo, kisha akaomba lile daftari. Akalisoma akiwa amesimama. "Huyu binti ameshamaliza kazi yangu," alisema. "Safu hii ni mawimbi ya wima. Hii ni ya mlalo."

Akatueleza, na nitayaweka hapa kama nilivyoyaelewa, kwa kuwa nyumba nyingi zinahangaika na splita bila kuambiwa haya. Satelaiti hurusha mawimbi yake katika mikao miwili, mengine yakiwa yamesimama wima na mengine yamelala, ili chaneli nyingi zipite bila kugongana. Kile kichwa kilicho mbele ya dishi, ambacho mafundi wanakiita LNB, hakiwezi kupeleka yote mawili kwenye waya mmoja kwa wakati mmoja. Kinangoja kuamriwa. Anayekiamuru ni king'amuzi, na amri yake ni umeme anaoupandisha kwenye waya ule ule unaoshusha picha: volti 13 akitaka ya wima, volti 18 akitaka ya mlalo. Juu yake kuna amri nyingine, mlio mdogo wa kilohezi 22 ambao sikio halisikii, unaoambia LNB ihamie kwenye masafa ya juu, kuanzia gigahezi 11.7 hadi 12.75; mlio usipokuwepo, inabaki kwenye masafa ya chini, kuanzia 10.7. Kwa hiyo yako makundi manne, na waya mmoja hubeba kundi moja tu kwa wakati mmoja.

Hakutaka tumwamini kwa maneno. Akafungua ncha ya waya nyuma ya king'amuzi cha sebuleni, akaweka mita yake ya kupimia volti, akamwambia mtoto abadilishe chaneli kama anavyopenda siku zote. Mita ikaonyesha 13 na ushei. Mtoto akabonyeza, ikaruka hadi 18 na ushei. Akabonyeza tena, ikashuka. Binti yangu alikuwa na daftari lake pembeni, na kabla namba haijatokea alikuwa ameshaitaja. Nimeona watoto wakifundishwa mengi, lakini sijapata kuona uso wa mtoto uking'aa namna ile kwa namba mbili.

Sasa ving'amuzi viwili vikiunganishwa kwa splita kwenye waya mmoja, LNB inapata amri mbili, na kati ya 13 na 18 kubwa ndilo linalofika juu. Sebuleni wakiweka chaneli ya mlalo, chumbani mwenye chaneli ya wima anabaki gizani. Habari ya Mama ilikuwa ya wima. Katuni nyingi ni za mlalo. Ugomvi wa rimoti ulikuwa umehama kutoka kwenye makochi hadi ndani ya waya, na mshindi alikuwa yule yule.

Fundi kijana simlaumu, na mzee naye alimtetea. Wakati wa antena, alisema, mawimbi yote ya mjini yalishuka pamoja kwenye waya, hakuna aliyeamuru kitu, na splita ilitosha kugawia nyumba nzima mradi mawimbi yana nguvu. Ving'amuzi vya antena vilivyochukua nafasi ya analojia ilipozimwa, Dar es Salaam ikianza tarehe 31 Desemba 2012, navyo viko vivyo hivyo. Kijana aliyejifunza kazi kwenye nyumba za antena anakuja kwenye dishi na ujuzi unaofanya kazi kwingine kote. Hata kwetu ulifanya kazi, maana alipojaribisha, ving'amuzi vyote viwili vilikuwa kwenye chaneli za safu moja.

Dawa ya tatizo hilo ni LNB ya matundu mawili, ambayo kila tundu linaamriwa peke yake, na waya wa pili kamili kutoka juu ya bati hadi chumbani bila kuungwa popote. Mume wangu akauliza kama hakuna njia ya kuutumia waya uliopo. Mzee akamwambia, "Zipo, lakini Mama hapa anataka habari, hataki majaribio." Mama akacheka, kicheko kile cha Pangani ambacho hatukuwa tumekisikia tangu ahamie.

Juu ya bati mambo hayakuwa mepesi. Chumvi ya bahari ilikuwa imezila nati za dishi mpaka zimeshikana na boliti zake. Spana inateleza, kutu inadondoka kwenye macho. Mzee akazipaka mafuta, akasubiri, akazigonga taratibu kwa nyundo, na moja ilipoachia, dishi zima likazunguka nayo. Chini tukasikia watoto wakipiga kelele: sebuleni nako kumezimika. Ikabidi kuanza upya kabisa, kutafuta satelaiti kama vile dishi limefungwa siku hiyo.

Satelaiti tunayoitumia ipo kwenye nyuzi 7 mashariki, juu ya ikweta, karibu juu ya kisiwa cha São Tomé upande wa pili wa Afrika. Ndiyo maana dishi letu, na la jirani, na yote yanayotumia satelaiti hiyo hapa Tanga, yanatazama magharibi, kaskazini kidogo tu, kuelekea milima ya Usambara, yakiwa yameinuliwa nyuzi kama 52. Kutoka kwenye bati letu hadi kule ni karibu kilomita 37,000. Dishi likipinda nyuzi 1, kule juu limeshapotea zaidi ya kilomita 600. Habari inayosomwa Dar es Salaam inakwenda mpaka huko ndipo irudi chumbani kwa Mama, naye alipoambiwa hivyo aliuliza kama msomaji anajua.

Kulikuwa na hofu ya mwembe. Mume wangu alikuwa ameshaanza kusema matawi ya juu yakatwe. Mzee akapanda, akatazama kwa kufuata mkono wa LNB, akasema mawimbi yanapita juu kabisa ya mwembe, hayaugusi. Mama alikuwa dirishani akifuatilia. "Wangeukata," aliniambia, "ningerudi Pangani kesho." Alisema kweli.

Kilichomchukua mzee muda zaidi ni kukigeuza kichwa chenyewe. Sisi tuko karibu sana na ikweta na satelaiti iko mbali magharibi, kwa hiyo kilicho wima kule, kikifika kwetu kinakuwa karibu kimelala, na LNB lazima izungushwe kwenye kishikio chake karibu robo ya mzunguko. Ikibaki ilivyotoka kwenye boksi, wima na mlalo vinaingiliana. Mzee alikuwa akiigeuza kidogo, anasikiliza kipima mawimbi chake kinavyolia, anaigeuza tena kidogo mno, na chini binti yangu anamsomea namba za ubora kutoka kwenye kioo. Mara inapanda, mara inashuka. Ilipofika mahali haipandi tena, akakaza.

Katika kungoja huko Mama alituhadithia jinsi alivyoiona televisheni mara ya kwanza, akiwa bibi harusi Unguja, nyumbani kwa jirani. Televisheni Zanzibar ilianza mwaka 1973, na ilianza na rangi, wakati huku bara tulikaa bila kituo hata kimoja mpaka 1994. Alikumbuka rangi ya nguo za waimbaji wa taarabu kuliko nyimbo zenyewe. Watoto walidhani anatunga. Mzee akawapigia kelele kutoka juu ya bati kwamba bibi yao anasema kweli.

Kabla ya kushuka alikata ncha ya waya wa zamani, akatuonyesha. Waya wa shaba wa katikati, ambao ungepaswa kung'aa, ulikuwa mweusi, na nyuzi za nje zimegeuka kijani na kuvunjika zikiguswa. Maji ya mvua yalikuwa yakiingia kwenye koneta iliyoachwa wazi, yanateremka ndani kwa ndani. Alizikata sehemu mbovu, akafunga koneta mpya, akazizungushia mpira unaojishika wenyewe mpaka chini. Na pale waya mpya unapoingia ukutani kwa Mama, aliuacha uning'inie chini ya tundu kwanza ndipo upande kuingia, ili maji yadondokee nje. Tundu lilitobolewa mahali alipoelekeza Mama kwa fimbo yake, mbali na kitanda. Alisema kila anayetoboa ukuta hupenda kutoboa penye kichwa cha mtu.

Tangu siku hiyo sebuleni wanabadilisha watakavyo na habari haikatiki. Inakatika masika tu, mvua kubwa ya Aprili inapokuja kutoka baharini na kupita juu yetu kwenda milimani. Mawimbi ya masafa haya hunywewa na matone mazito, picha inaganda vipande vipande kisha inazima, kwetu na kwake kwa pamoja. Watoto hulalamika. Mama hufungua redio yake, na mara nyingi wao ndio humfuata.

Mume wangu, aliyekuwa na hofu ya kumfungia, sasa akimkosa mtoto ndani ya nyumba anajua pa kumtafuta. Wanapiga hodi. Mama huwaacha wangoje kidogo, kisha anawakaribisha, na wakikaa kitandani wanatazama anachotazama yeye. Mtoto mdogo ameshajua majina ya mabeki wote wa Coastal. Majirani wawili watatu huja baada ya alasiri na kahawa yao. Mimi nikitaka kumuona Mama yangu akiwa na wageni wake tena, natembea hatua chache tu ukumbini.

Kifurushi cha kwanza nilikilipa mimi. Cha pili kilipokaribia, Mama aliniita, akafungua kifundo cha khanga, akahesabu fedha za nazi alizoletewa kutoka shamba. "Cha sebuleni ni chenu," alisema. "Changu nalipa mwenyewe. Tuma kwa hiyo simu yako, unionyeshe jibu." Nikamwambia si lazima, mimi ni mwanawe. Akaniambia anajua mimi ni nani, nitume. Nikatuma mbele yake. Ujumbe ulipoingia akanitaka nimsomee namba ya kadi tarakimu moja moja, akilinganisha na karatasi aliyoandikiwa na mjukuu wake. Zilikuwa sawa.

Akauliza Coastal wanacheza lini. Nikamwambia Jumapili, saa 10 jioni, hapa hapa Mkwakwani, na kwamba itaonyeshwa. Akasema hiyo hataitazamia chumbani. Mume wangu amtafutie bajaji yenye kiti kizuri, na tuwahi jukwaa lenye kivuli.